Pakiti ya korosho imeandikwa "Organic". Tuiamini?

Niliinunua stendi ya Kibiti, basi liliposimama njiani kutoka Dar. Gramu 250, mfuko wa karatasi ya kaki wenye kidirisha cha nailoni cha kuonyesha korosho zenyewe, na lebo iliyochapwa vizuri kabisa: "ORGANIC", chini yake "Asilia 100%", na chini zaidi kwa herufi ndogo, "Hazina kemikali". Bei ilikuwa kama mara moja na nusu ya zile alizokuwa anauza mama wa meza ya pembeni, zilizofungwa kwenye nailoni ya kawaida na kukazwa kwa fundo. Nikalipa. Ndiyo, mimi ninayesoma shahada ya uzamili kwenye mambo ya chakula, nikalipa bila kuuliza swali hata moja.

Swali aliuliza mjomba, nilipofika kwake Mahege jioni ile. Baada ya shikamoo na habari za mjini akaichukua pakiti, akaigeuza mbele na nyuma, akaionja korosho moja. "Hizi zina nini ambacho zangu hazina?" Nikamweleza maana ya kilimo hai kama nilivyofundishwa darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwenyewe hajawahi kutia mbolea ya dukani kwenye mikorosho yake tangu aliporithi shamba. Nikamuuliza, na dawa je? "Hapana," akasema. "Salfa tu."

Hilo "salfa tu" limenikalisha wiki nzima. Kwa hiyo leo tuichambue lebo ile kama tunavyochambua makala ya utafiti kwenye safu hii, dai moja baada ya jingine. Jina la biashara sitalitaja, maana shida si ya mtu mmoja. Ukizunguka masoko ya Dar utaliona neno hilohilo kwenye asali, unga wa lishe, mafuta ya nazi, mchaichai, hata kwenye chumvi. Chumvi jamani!

Tuanze na dai lililo rahisi kuangusha, "hazina kemikali". Najua, najua: maji ni kemikali, hewa ni kemikali, mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza hapendi kitu kama kuwaambia watu hivyo. Muuzaji hakumaanisha hivyo na mnunuzi hakuelewa hivyo. Lakini korosho ni mfano mbaya kuliko yote wa kubandikia maneno hayo. Ganda la korosho lina mafuta makali yaliyojaa asidi anakadiki, jamaa wa karibu wa sumu inayopatikana kwenye ile mimea ya Marekani inayobabua ngozi ukiigusa tu. Waulize kina mama wanaobangua kwa mikono, waangalie vidole vyao. Hakuna kiwanda kilichoweka kitu hicho mle, mkorosho umejitengenezea wenyewe kwa ajili ya kujilinda. Na mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao, sumu ya fangasi wa asili asilimia mia moja. Kwa hiyo "asilia" ni jibu la swali la kitu kimetoka wapi. Kama ni salama au la, hilo ni swali jingine.

Sasa salfa ya mjomba.

Salfa ni elementi, ile ile S ya jedwali la darasani, ambayo Kiswahili kimeiita kibiriti tangu zamani. Mkulima wa korosho anaijua kama unga wa njano unaokuja kwenye mifuko na kupulizwa kwa mashine ya mgongoni wakati mikorosho inatoa maua, kuanzia kama Juni. Kazi yake ni kuzuia ubwiri unga, fangasi anayeyafunika maua na machipukizi kwa vumbi jeupe mpaka yanakauka kabla ya kushika tunda. Chembe za salfa zikikaa juu ya ua, mbegu za fangasi zinashindwa kuota. Ndiyo maana lazima ipulizwe mapema na kurudiwa. Ukishachelewa, unapulizia maiti.

Na fangasi huyu si mzaha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Ubwiri unga haukufanya hayo peke yake: kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kuliwatenga watu na mikorosho yao, na bei nayo ilikuwa ya kukatisha tamaa. Lakini ugonjwa ulimalizia kazi, na salfa ni sehemu kubwa ya jinsi zao hili lilivyorudi miaka ya 1990. Mwambie mkulima wa Kibiti au Mtwara aache kabisa kupulizia, atakuuliza utamlisha wewe?

Hapa ndipo wasomaji wengi watakaposhtuka: salfa inaruhusiwa kwenye kilimo hai. Ipo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, ipo kwenye orodha ya Marekani, na shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, nalo linaikubali. Kilimo hai hakijawahi kusema "hakuna dawa". Kinachosema ni kwamba usitumie mbolea wala viuatilifu vya kusanisiwa kiwandani, na vile vichache vinavyoruhusiwa vimeorodheshwa. Salfa inapita kwa sababu ni madini. Je, haina madhara? Inawasha macho na kifua cha anayepulizia, na ikianguka ardhini bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, kwa hiyo udongo unaopokea salfa miaka nenda rudi unazidi kuwa mchachu. Mtu aliyelipa zaidi kwa sababu ya maneno "hazina kemikali" ana haki ya kujua kwamba hata korosho yenye cheti halisi cha kilimo hai inaweza kuwa imetoka kwenye mti uliopakwa njano tangu chini mpaka kileleni.

Na kinyume chake kipo pia. Huko chini deltani, Rufiji inapoingia baharini, kuna kamba wanaovuliwa kwenye mikoko na vijito. Hakuna aliyewalisha wala kuwapa dawa, wamejizalia wenyewe. Ukitaka kuwauza Ulaya kama kilimo hai, haiwezekani: kanuni zinasema wazi kwamba mazao ya uvuvi wa samaki wa porini hayahesabiwi. Kamba wa bwawani, wa kulishwa, wakifugwa kwa kufuata masharti, wanaweza kupata nembo hiyo. Ukikumbuka kwamba miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kugeuza sehemu kubwa ya delta hii kuwa mabwawa ya kamba, na wanakijiji na wanamazingira wakaupinga mpaka mahakamani, unaanza kuona neno hili lilivyo la ajabu. Linatoa alama kwa namna ya kuzalisha iliyoandikwa na kukaguliwa. Usafi wa kitu chenyewe haliupimi.

Nikarudi kwa mjomba nikiwa na furaha. Nikamwambia, kumbe wewe ni mkulima wa kilimo hai bila kujijua! Salfa inaruhusiwa, mbolea hutii, tukutafutie cheti. Akanyamaza kidogo. "Mwaka ule salfa ilichelewa," akasema, "nilichukua dawa ya maji kwa jirani." Dawa gani? Hakumbuki. Mwaka gani? Labda miaka miwili iliyopita, labda mitatu. Chupa ilikuwa ya jirani, nayo haipo.

Dawa za maji za ubwiri unga kwa kawaida ni za kusanisiwa, kwa mfano zenye kiambato kiitwacho triadimenoli. Zinafanya kazi vizuri, zimesajiliwa, hazina kosa lolote kisheria. Ila zinakutoa kwenye kilimo hai, na kwa kanuni za Ulaya mti wa kudumu kama mkorosho unahitaji miaka 3 ya kusubiri kabla ya mavuno yake kuhesabiwa tena. Mitatu kuanzia lini, ikiwa mwenye shamba hajui alipulizia lini? Na jirani mwenyewe bado anapulizia dawa ya maji. Mikorosho ni mirefu, mashine ina nguvu, na msimu wa maua ndio msimu wa upepo wa kusi. Ukisimama kwenye mpaka wa shamba asubuhi unaiona dawa ikihama na upepo kwa macho yako.

Msomaji mwenye haraka atasema: si tupeleke maabara tu, ijulikane? Hili nataka kulikalia kidogo kwa sababu ndilo kosa ambalo hata sisi wa sayansi tunalifanya. Maabara nzuri, yenye kromatografia iliyounganishwa na mashine ya kupima masi za molekuli, inaweza kugundua mabaki ya dawa hadi miligramu 0.01 kwenye kilo moja. Hiyo ni sawa na gramu moja ya dawa iliyosambaa ndani ya tani 100 za korosho. Uwezo wa kutisha. Lakini fikiria inajibu swali gani. Dawa ya ubwiri unga hupulizwa kwenye ua, wiki nyingi kabla ya mavuno, na kiini tunachokula kinakua baadaye ndani ya ganda gumu. Inawezekana kabisa korosho ya shamba lililopuliziwa dawa ya kiwandani ikapimwa na isionekane kitu. Maabara itaandika "haikugundulika", na hapo itakuwa imesema kweli bila kukwambia kama korosho hiyo ni ya kilimo hai.

Kinyume chake, shamba linaweza kufuata kila sharti na bado likabeba dhambi za watu wengine. Mkoa wetu wa Pwani una mfano wake: Vikuge, karibu na Kibaha, ambako miaka ya 1980 ililetwa shehena ya viuatilifu vya msaada vilivyopitwa na wakati, DDT ikiwemo. Banda likaanguka, dawa ikaingia ardhini, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao bado walikuta uchafuzi mkubwa kwenye udongo hata baada ya eneo kusafishwa. DDT na kizazi chake DDE hukaa ardhini miaka na miaka.

Kuna pia kipimo cha isotopu ambacho wengine wanakitangaza kama mwarobaini. Wazo lake ni zuri. Urea hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo uwiano wa naitrojeni 15 kwa naitrojeni 14 ndani yake unakaribia ule wa hewa. Samadi ikikaa, amonia yenye naitrojeni nyepesi huruka kwanza na ile nzito inabaki, basi mboga iliyokuzwa kwa samadi huwa na naitrojeni 15 zaidi. Nyanya za kitalu unaweza kuzibahatisha hivyo. Lakini mkorosho wa Mahege haukupewa urea wala samadi, unakula kilichopo ardhini na majani yake mwenyewe. Kipimo hakina cha kukisoma pale, na kuhusu viuatilifu hakisemi chochote.

Kwa hiyo tumebaki na karatasi: nani alipulizia nini, lini, na mavuno yalikwenda wapi. Na swali la mavuno yalikwenda wapi ndilo ninaloona linasahaulika zaidi, kwa sababu macho yetu yote yapo shambani.

Korosho ya mjomba ikishavunwa inapelekwa chama cha msingi, AMCOS, inapimwa, inapangwa daraja, inakwenda ghala kuu, inauzwa kwa mnada. Huu ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, na huku Pwani chama kikuu ni CORECU. Una sifa zake: mkulima anaijua bei na mizani inaonekana. Lakini angalia unachokifanya kwa upande wetu. Madaraja ni mawili, na yanapangwa kwa ubora wa korosho yenyewe. Gunia la mtu wa salfa na gunia la mtu wa dawa ya maji, zikiwa za daraja moja, zinakuwa lundo moja. Baada ya hapo hakuna mkemia duniani atakayezitenganisha. Na zile zinazopita pembeni, kwa wanunuzi wa kangomba wanaochota nyumba kwa nyumba kwa kipimo chao cha kienyeji, hizo ndiyo kabisa: hata kijiji zilikotoka hakijulikani. Ili korosho iwe ya kilimo hai kwa kweli, lazima iwe na njia yake peke yake kutoka mtini hadi mfukoni: magunia yake, kona yake ya ghala, mnada au mkataba wake, mahali pake pa kubangulia. Biashara za namna hiyo zipo nchini. Biolands walifanya hivyo kwa kakao ya Kyela, wakanunua moja kwa moja kwa wakulima waliosajiliwa. Ni kazi ngumu na ina gharama.

Dunia nzima imeumia hapohapo, baada ya shamba. Septemba 2020 Ubelgiji ilitoa tahadhari kuhusu ufuta kutoka India uliokutwa na ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua bakteria wa salmonela na iliyopigwa marufuku kwenye chakula Ulaya. Bidhaa nyingi mno ziliondolewa madukani, mikate, biskuti, tahini, na nyingi kati yake zilikuwa na nembo ya kilimo hai. Huenda mkulima hakukosea lolote, maana gesi ile ni dawa ya mzigo uliokwisha kuvunwa. Ufuta ni zao la Kibiti pia, tusijione tuko mbali. Na Marekani, mtu wa Missouri aitwaye Randy Constant aliuza nafaka kwa jina la kilimo hai kati ya 2010 na 2017, mauzo yakapita dola milioni 142, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 10 mwaka 2019. Alikuwa na cheti halali na mashamba halali! Alichofanya ni kuchanganya nafaka ambazo hazikustahili na kuziuza zote kwa jina la zile zilizostahili. Kiwanja chake cha wizi kilikuwa ghala.

Sasa tunazo kanuni zetu au hatuna? Tunazo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kilipitishwa mwaka 2007 pamoja na nembo yake ya Kilimohai, moja kwa nchi za jumuiya. Hapa nyumbani harakati hizi zinaratibiwa na TOAM, na tangu 2023 kuna Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai. Kitu kizuri cha Kilimohai ni kwamba inakubali njia mbili: ukaguzi wa kampuni ya nje, au dhamana ya kikundi, ambapo wakulima wanakaguana wenyewe kwa utaratibu ulioandikwa. Njia ya pili ni nafuu, na kwa soko la ndani naiunga mkono. Wenzangu wawili wa blogu hii hawakubaliani nami, wanasema jirani hawezi kumkagua jirani. Mimi nasema jirani ndiye pekee anayejua nani aliazima dawa ya maji kwa nani. Hatari yake ni aibu: kijijini mtu atajua na asiseme. Lakini mkaguzi wa nje anayekuja mara moja kwa mwaka kutoka mjini haoni hata hicho. Kwa vikundi, kanuni mpya za Ulaya zinataka akague tena angalau asilimia 5 ya wanachama. Kikundi cha wakulima 900, hao ni 45. Wale 855 waliobaki anawasoma kwenye makaratasi ya kikundi chenyewe. Mwisho wa siku, njia zote mbili zinasimama juu ya daftari la mkulima.

Lebo yangu haikuwa na nembo ya Kilimohai, haikuwa na namba ya cheti, haikuwa na jina la mkaguzi wala la kikundi. Ilikuwa na namba ya simu, nikapiga. Alipokea kijana mstaarabu sana, wala hakukasirika. Korosho ananunua "hapa hapa Kibiti, kwa watu mbalimbali". Nikauliza neno lile la juu limetokana na nini. "Dada yangu, yule anayenichapia lebo Kariakoo alikuwa nalo tayari kwenye mchoro wake," akasema. "Nikaona linapendeza."

Simwiti tapeli. Pengine korosho zake zote zimetoka kwa watu kama mjomba, na mtu aliyezila hakupata dhara lolote. Lakini anavuna bei ya ziada kwa neno ambalo hakulilipia, na anayepaswa kuipata bei hiyo ni yule mkulima atakayeamua kusubiri miaka 3, kupoteza maua mwaka salfa inapochelewa, na kuweka magunia yake mbali na ya wenzake. Mkulima huyo akifika sokoni atakuta neno lake limeshaisha thamani. Na mjomba, ambaye shamba lake pengine ni safi kuliko mengi yenye vyeti, anauza kwa bei ya lundo.

Wakati wa kurudi nilipita stendi ileile. Nikanunua kwa mama wa meza ya pembeni, za nailoni ya fundo. Nikamuuliza zimetoka wapi, akanitajia kijiji, akanitajia na mwenye shamba, shemeji yake. Zimepuliziwa? "Salfa zimepigwa, mwanangu, bila salfa ungekuta korosho?" Hayo majibu mawili nilikuwa sijayapata kwenye lebo.

Kabla ya kuondoka Mahege nilikuwa nimemnunulia mjomba kaunta buku dukani. Ukurasa wa kwanza akachora mistari: tarehe, dawa, mifuko mingapi, nani alipuliza. Akaandika salfa ya msimu huu. Kisha akauliza kama aiandike na ile dawa ya maji ya mwaka asioukumbuka. Nikamwambia aiandike, na mwaka auache wazi mpaka atakapoonana na jirani.